Grafu Huharibikia Kwenye Kisu

Mwalimu anayesahihisha grafu za kwanza za darasa lake hulaumu mkono wa mwanafunzi. Mhimili umepinda, skeli haieleweki, nukta zimetawanyika ovyo. Lakini ukiifuata kila nukta hadi ilikotoka, utakuta nyingi ziliharibika kabla penseli haijagusa karatasi. Ziliharibikia kwenye kisu butu, kwenye kipande cha kiazi ambacho hakikukaushwa, au kwenye chupa iliyoandikwa 1.0 huku ndani yake mna 0.8. Anayetaka kufundisha grafu katika biolojia aanze na maji, mizani na saa.

Yaliyomo humu yanahusu muhula mmoja wa maabara na Kidato cha Pili, darasa la wanafunzi 60, katika shule ya aina ambayo walimu wengi wa Tanzania wanaifahamu. Jengo la maabara lipo, pengine ni tunda la ile kampeni ya maabara za shule za kata iliyopamba moto mwaka 2014, ila ndani mna mizani moja, hadubini mbili tatu, na bomba ambalo siku nyingine hutoa upepo badala ya maji. Mwalimu mgeni, au mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, huingia humo na mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya maabara yenye kila kitu. Mwongozo huo hauongopi, ila haumwambii kitakachomkwamisha.

Wiki ya kwanza, usifanye jaribio lolote

Kipya kinyemi. Wanafunzi wakiingia maabara mara ya kwanza, nusu yao wanataka kugusa kila kitu, na nusu wanajibana nyuma wakiogopa kuvunja kitu na kulipishwa. Hawa wa pili ndio wa kuwahurumia, maana wasiposhtuliwa mapema watamaliza miaka minne wakitazama migongo ya wenzao. Dawa yake ni kazi zenye majina. Katika kundi la watu sita awepo mpimaji, mtunza saa, mwandishi, mchukua vifaa, msafishaji, na mmoja wa kusoma maelekezo kwa sauti. Kipindi kijacho kazi zinazunguka. Na useme waziwazi siku hiyo hiyo ya kwanza kwamba chombo kikivunjika kwa bahati mbaya hakuna anayelipa, mradi ataje. Usiposema hivyo, vigae vitafichwa kwenye sinki na atakayekatwa navyo ni mwingine kabisa.

Kanuni za usalama ziwe chache na kila moja iambatane na sababu yake. Viatu vifunike vidole, kwa sababu kinachoanguka mezani huanguka miguuni. Ncha za mtandio na tai zichomekwe ndani, kwa sababu ya moto. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, kwa sababu joto linalozuka huweza kuyarusha maji yakiwa na asidi hadi usoni. Hakuna kula humo ndani, hata kile kiazi kilichobaki. Kanuni 25 zilizobandikwa ukutani hazisomwi na mtu.

Kisha wape maji matupu. Kila kundi lipate bika, silinda ya kupimia ya ml 50 na bomba la sindano la ml 10 lisilo na sindano. Wapime ml 20 za maji kwa kila chombo, halafu kila kipimo kipelekwe kwenye mizani. Mililita 20 za maji zina uzito wa gramu 20, kwa hiyo mizani inakuwa hakimu. Silinda italeta 19.8 au 20.1. Bika italeta 18, au 22, kwa sababu mistari ya bika ni ya kukadiria tu na hukosea kwa asilimia 5 au zaidi. Kuanzia hapo hakuna mwanafunzi atakayekubali tena kupima kwa bika, wala hutahitaji kumkataza. Kwenye silinda, jicho liwe usawa wa maji na kisomwe kitako cha mbonyeo, si kingo zake zilizopanda ukutani. Kwenye bomba la sindano kosa la kawaida ni povu la hewa, likifuatiwa na kusoma upande usio sahihi wa mpira wa ndani. Unasomwa ukingo ule unaogusana na maji.

Wapime mara tatu tatu na waandike kwenye jedwali. Hapa utakutana na ugonjwa ambao usipotibiwa sasa utakusumbua mpaka Kidato cha Nne, nao ni kupika takwimu. Mwanafunzi aliyezoea mtihani wenye jibu moja akiona 19.8, 20.1 na 19.6, atafuta na kuandika 20.0 mara tatu, na atafanya hivyo kwa nia njema kabisa. Toa alama kwa vipimo vilivyotofautiana, na uwe mkali kwa vile vilivyofanana mno. Pia piga marufuku kifutio kwenye jedwali la vipimo. Kosa linakatwa kwa mstari mmoja na kubaki linasomeka.

Hadubini, kwa kifupi

Hadubini tatu kwa watu 60 ni foleni, kwa hiyo iendeshe pembeni huku makundi mengine yakichora. Ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, tone la iodini, na kifuniko kilazwe kwa kuinamishwa taratibu ili hewa itoke upande mmoja. Duara lenye ukingo mweusi mnene ni povu la hewa, ingawa utaletewa mchoro wake ukiwa na maandishi "seli". Waanze na lenzi ndogo kila mara, na wakifika kwenye ile ya mara 40 skrubu kubwa isiguswe tena, maana ndiyo inayopasua slaidi na kukwaruza lenzi. Hadubini ya kioo ielekezwe kwenye mwanga wa dirisha, kamwe isielekezwe kwenye jua lenyewe. Mchoro uwe wa penseli, mistari mizima isiyo na kivuli, seli tatu nne zilizochorwa kubwa badala ya mia zilizosongamana.

Vipimo vya vyakula na aibu za mwalimu

Vipimo vya vyakula hupendwa kwa sababu ya rangi, na ndivyo vinavyomwaibisha mwalimu ambaye hakuvijaribu jana yake. Kisa maarufu ni cha sukari ya mezani. Mwalimu anaahidi rangi ya matofali, Benedict, kile kimiminika cha bluu cha kupimia sukari, inachemshwa dakika tano, na inabaki bluu ile ile. Sukari ya mezani ni sukrosi, nayo haiibadili Benedict mpaka kwanza ichemshwe na asidi hidrokloriki hafifu, kisha asidi hiyo izimuliwe kwa bikaboneti ya sodiamu mpaka povu likome. Ukiisahau hatua ya kuzimua, Benedict haifanyi kazi ndani ya asidi, na aibu inarudi mara ya pili. Kwa siku ya kwanza tumia glukosi, au maji ya ndizi iliyoiva sana.

Benedict ni ghali kuliko vitu vingine vya wiki hii, na wanafunzi huimimina kwa ukarimu. Mililita 1 ya chakula na ml 1 ya Benedict zinatosha kuonyesha rangi. Makundi 10 yakipima vyakula vitano vitano, hiyo ni ml 50 kwa darasa zima, wakati kipimo kisichoangaliwa kinaweza kumaliza robo lita. Kama shule inatengeneza yake, lita moja inachukua gramu 173 za sitreti ya sodiamu, gramu 100 za kaboneti ya sodiamu kavu na gramu 17.3 za kopa salfeti. Kopa salfeti iyeyushwe peke yake na kumiminwa mwishoni, taratibu huku ukikoroga.

Testi tyubu zipashwe ndani ya bika la maji ya moto, zisishikwe juu ya mwali. Benedict ikichemka kwenye mwali hurukia mtu usoni.

Kwenye kipimo cha protini tatizo ni wingi. Haidroksidi ya sodiamu ya asilimia 10 hutangulia, kisha kopa salfeti ya asilimia 1, tone kwa tone, ukitikisa. Zambarau hutokea baada ya matone machache. Mwanafunzi akimimina, bluu ya kopa salfeti inaifunika zambarau, naye ataandika kwamba yai halina protini. Ute wa yai upunguzwe kwanza, sehemu 1 kwa maji sehemu 10, vinginevyo hugeuka uji mzito ambao hauonyeshi rangi vizuri. Mafuta hayahitaji kemikali yoyote: ponda karanga kwenye karatasi nyeupe, acha ikauke, inua kwenye mwanga. Doa la maji hupotea, la mafuta hubaki.

Nasisitiza jambo moja kuhusu kipimo cha wanga katika jani, kwa sababu hapo ndipo watu huungua. Jani huchemshwa kwenye spiriti ili klorofili itoke, na spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 huku mvuke wake ukiwaka upesi. Chemsha maji, zima moto kabisa, ndipo uweke ndani ya maji hayo testi tyubu yenye spiriti na jani. Usipunguze moto. Uzime.

Kimeng'enya na saa ya ukutani

Baada ya rangi huja namba. Jaribio la amilase, kimeng'enya kinachovunja wanga, katika nyuzijoto mbalimbali ndilo la kwanza linalozaa grafu yenye umbo la kuvutia, na ndilo lenye mitego mingi zaidi.

Wanga wa asilimia 1 hutengenezwa kwa gramu 1 ya kornfulawa iliyokorogwa na maji baridi kidogo, kisha kumiminiwa maji yanayochemka mpaka ifike ml 100. Ukimimina unga mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge, na donge halivunjwi kwa dakika kumi. Amilase hutoka mate. Shule isiyotaka habari za mate, na sababu za usafi zipo, itumie kimea cha ulezi: gramu 5 za unga wa kimea kwenye ml 50 za maji ya uvuguvugu, dakika 20, chuja kwa kitambaa safi, acha utuame, tumia maji ya juu. Ila ujue mambo mawili. Maji ya kimea tayari yana sukari yake, hivyo kuthibitisha sukari kwa Benedict mwishoni hakutakuwa na maana. Pili, amilase ya nafaka iliyochipua hupenda joto kuliko ya mate. Kilele cha grafu hakitakuwa kwenye nyuzi 37, kitasogea kuelekea 50 na kuzidi. Mwalimu aliyekariri 37 atadhani jaribio limeharibika, na hapo ndipo kishawishi cha kupika takwimu humfikia yeye mwenyewe.

Weka ml 5 za wanga kwenye testi tyubu moja na ml 1 ya kimeng'enya kwenye nyingine, zote mbili ndani ya maji ya joto lile lile kwa dakika tano kabla ya kuchanganywa. Kuchanganya vitu vya baridi kisha kuviingiza kwenye maji ya moto ni kupima muda wa kupasha, si kazi ya kimeng'enya. Kila kundi lishike nyuzijoto moja: maji ya barafu, 20, 35, 50, 65 na 80. Kwa makundi 10, baadhi ya nyuzijoto zitapata makundi mawili, na hiyo ni faida. Maji yasimamiwe na mtu mwenye kipimajoto na birika la maji ya moto, kwa kuwa bika la nyuzi 65 lililoachwa mezani hupoa huku watu wakihesabu sekunde.

Baada ya kuchanganya, tone moja huchukuliwa kila sekunde 30 na kuwekwa kwenye tone la iodini juu ya kigae cheupe. Rangi ya bluu-nyeusi ina maana wanga bado upo. Iodini ikibaki na rangi yake ya kahawia, andika muda. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, inayoonekana na wote, ni kifaa cha maabara kama vingine.

Mtego ule mkubwa uko kwenye nyuzi 80. Rangi ya iodini na wanga hufutika ikipata joto na kurudi ikipoa. Mwanafunzi akidondosha iodini moja kwa moja ndani ya testi tyubu ya nyuzi 80, ataona rangi haipo, ataandika kwamba wanga umekwisha mara moja, na grafu yake itapanda kule ambako ingepaswa kuanguka. Tone lipelekwe kwenye kigae baridi, na lisubiriwe sekunde chache. Hii ni nukta moja, lakini inageuza maana ya grafu nzima, na kwa kutazama karatasi pekee huwezi kujua ilipotoka.

Kwenye nyuzi 80 na kwenye barafu, dakika 10 zitakwisha rangi ikiwa bado ipo. Yote mawili yanaandikwa "zaidi ya 600" na kasi yake huchukuliwa kuwa sifuri. Halafu chukua testi tyubu hizo mbili na uziweke zote kwenye nyuzi 35. Ile ya barafu itaanza kazi, ile ya 80 haitaanza. Kuona kwa macho kwamba baridi hulaza kimeng'enya na joto hukiharibu kunaokoa somo zima la maelezo.

Grafu ya muda huwachanganya wanafunzi, kwa sababu panapofanyika kazi kwa haraka ndipo mstari unapokuwa chini. Wabadili muda kuwa kasi: 1000 ugawanye kwa sekunde. Sekunde 120 zinatoa 8.3, sekunde 60 zinatoa 16.7. Kutumia 1000 badala ya 1 kunawaondolea sifuri nyingi baada ya nukta.

Kiazi

Sasa osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kuelekea kwenye ukolezi mkubwa zaidi, jaribio ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kuwa shule ya grafu kuliko lolote lingine, kwa sababu vitu vyake vinauzwa sokoni na makosa yake yote yanapimika.

Kabla mtu hajashika kisu, kila kundi lichore mihimili mitupu kwenye karatasi ya grafu. Huku chini tutaweka nini? Kile tunachokibadilisha sisi, yaani ukolezi wa sukari. Huku wima? Kile tunachokipima, yaani badiliko la uzito. Kipimo chake ni nini? Kinaweza kushuka chini ya sifuri? Swali hili la mwisho hukaa kimya darasani kwa muda, kisha mtu anasema kiazi kinaweza kupungua. Ndiyo, basi mhimili wa chini haukai chini. Unapita katikati ya karatasi, wima ukiwa na namba chanya juu na hasi chini. Anayegundua hilo baada ya jaribio huwa ameshajaza karatasi na hasi zake hazina pa kukaa.

Mmumunyo mama, yaani ule mkali ambao mingine hutengenezwa kwa kuupunguza kwa maji, ni wa mol 1.0 kwa lita. Mol moja ya sukrosi ina gramu 342, hivyo kwa ml 500 pima gramu 171 za sukari ya kawaida. Weka sukari kwenye maji ya uvuguvugu kiasi cha ml 350, koroga mpaka iyeyuke, acha ipoe, ndipo uongeze maji mpaka jumla ifike ml 500. Wengi humimina gramu 171 kwenye ml 500 za maji. Sukari nayo inachukua nafasi, jumla inakaribia ml 606, na ukolezi unakuwa kama 0.82. Chupa inasema 1.0, grafu nzima imesogea, na hakuna mwanafunzi wa kulaumiwa.

Kutoka hapo tengeneza ml 250 za kila ukolezi. Kwa 0.8 chukua ml 200 za mmumunyo mama na maji ml 50. Kwa 0.6, ml 150 na 100. Kwa 0.4, ml 100 na 150. Kwa 0.2, ml 50 na 200. Ukijumlisha, mmumunyo mama wote ml 500 umekwisha bila kubaki tone. Wa tano ni maji matupu, yaani 0.0.

Mizani moja ndiyo inayoamua mpango wa darasa. Kila kundi likifanya viwango vyote vitano vya ukolezi, kuna vipimo 50 kabla na 50 baada, na kwa nusu dakika kila kimoja hiyo ni karibu saa nzima ya foleni, wakati vipindi viwili vilivyoungana ni dakika 80. Kwa hiyo kila kundi lipewe viwango viwili tu. Makundi 10 yanatoa seti 20, kila ukolezi unapata seti nne, foleni inapungua zaidi ya nusu, na darasa linapata kitu cha kutafutia wastani.

Viazi mviringo kilo moja vinatosha. Menya vyote, maana ganda haliruhusu maji kupita vizuri. Kata vipande vya sentimita 1 kwa 1 kwa 3 ukitumia rula na kisu kikali. Kisu butu huponda seli pembeni, maji yake hutoka kabla ya jaribio kuanza, na kipande kimoja huishia kuwa na upana wa sm 1 upande huu na sm 0.7 upande ule. Vipande vyote vikusanywe kwenye bakuli moja lililofunikwa kitambaa kibichi, vichanganywe, kisha kila seti ichukue vinne bila kuchagua. Kundi likitumia kiazi chake lenyewe, tofauti ya kiazi na kiazi itajificha ndani ya tofauti ya ukolezi, na hakuna hesabu itakayoitenganisha baadaye.

Kwa nini vinne? Kipande kimoja kina kama gramu 3.2. Badiliko la asilimia 3 ni gramu 0.1, na mizani nyingi za shule husoma gramu 0.1, kwa hiyo lingemezwa na tarakimu ya mwisho. Vinne vina karibu gramu 13, na badiliko lile lile linakuwa gramu 0.4, ambalo mizani inaliona.

Kila seti ikaushwe kwa karatasi ya chooni kabla ya kupimwa mara ya kwanza, na ikaushwe namna ile ile kabla ya mara ya pili. Wanafunzi huona hili ni jambo dogo, basi wakokotoe. Vipande vinne vina eneo la sentimita za mraba 56. Utando wa maji wenye unene wa milimita 0.1 juu ya eneo hilo una ujazo wa karibu ml 0.56, yaani zaidi ya nusu gramu, sawa na asilimia 4 ya uzito wote. Hicho ni kiasi kinachoweza kugeuza hasi kuwa chanya. Usiminye, gusa pande zote mara moja na upime mara moja.

Kila seti izame kwenye ml 50 kwenye kikombe chenye maandishi ubavuni, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Dakika 40 hutoa badiliko dogo. Saa tatu hadi nne ni bora: weka asubuhi, pima mchana. Kulaza mpaka kesho kwenye joto la Pwani huleta harufu, vipande vinavyoteleza, na sisimizi.

Kwenye karatasi

Jedwali liwe na uzito wa awali, uzito wa mwisho, badiliko, na badiliko kwa asilimia, kila kichwa kikiwa na kipimo chake, ili namba zilizo chini zikae bila "g" zinazojirudia. Kama mizani inasoma desimali moja, ni 13.0, si 13. Seti iliyotoka 12.5 hadi 13.7 imeongezeka 1.2, na 1.2 ugawanye kwa 12.5 ni asilimia 9.6. Gawanya kwa uzito wa awali. Wapo watakaogawanya kwa wa mwisho. Asilimia inahitajika kwa sababu seti hazikuanza na uzito mmoja.

Chukulia wastani wa darasa umetoka hivi: kwa 0.0, +9.6, kwa 0.2, +3.1, kwa 0.4, −3.8, kwa 0.6, −9.5, kwa 0.8, −13.9. Laza karatasi. Mlalo, sm 2 ziwe 0.1, jumla sm 16. Wima, sm 2 ziwe asilimia 5, kuanzia −15 hadi +10, jumla sm 10. Kwenye karatasi ya vijiraba vya milimita 2, kijiraba kimoja ni asilimia 0.5, na +3.1 inakaa juu kidogo ya kijiraba cha sita. Mwanafunzi anayetaka kujaza karatasi huchagua skeli ya 3 au 7 kwa sm 2, kisha anakwama kutafuta 3.1 iko wapi. Skeli za 1, 2 na 5 zinatosha maisha yote ya sekondari.

Nukta iwe msalaba mdogo wa penseli iliyochongwa, si doa. Kisha mstari. Hapa mkono unakimbilia kwenye makutano ya mihimili, kwa kuwa hesabu zimewazoesha kwamba grafu hutoka kwenye sifuri. Waulize: kiazi kilicholala kwenye maji matupu kilibadilika kwa asilimia ngapi? Kilipanda 9.6. Mstari unaanzia hapo juu. Uchorwe mkunjo laini unaopita karibu na nukta zote, si vipande vya rula kutoka nukta hadi nukta.

Itakuwepo seti moja iliyosema +2 kwenye 0.6 wakati zile tatu zimeshuka. Isifutwe. Iwekewe duara, wenye seti waulizwe kama walikausha na kama vikombe vyao viwili havikubadilishana, na sababu ikipatikana iandikwe na seti iachwe nje ya wastani. Isipopatikana, ibaki ndani.

Pale mkunjo unapokata mstari wa sifuri, kiazi hakipati wala hakipotezi maji. Kwa namba hizi ni karibu na 0.29, na kwa viazi vingi ni kati ya 0.2 na 0.4. Kundi litakalokuja na 0.55 lianze kutafuta kosa kwenye utengenezaji wa mmumunyo kabla ya kugusa mstari wake.

Kama muda upo na kundi moja linataka kubana jibu hilo, litengeneze mimumunyo ya 0.25, 0.30 na 0.35 kwa kuchukua ml 25, 30 na 35 za mmumunyo mama mpya na kuongeza maji hadi ml 100. Ila hapo tofauti kati ya ukolezi na ukolezi ni kama asilimia 1.7, ambayo kwa vipande vinne ni gramu 0.2 tu, hatua mbili za mizani. Watumie vipande vinane kwa kila seti, wazamishe kwenye zile ml 100 zote, na apime mtu yule yule mwanzo na mwisho.